Boti ya Ruzuku na Kilio cha Muhuru Bay

Sheila, siku niliyokukabidhi funguo za stoo uliniambia, "Mzee Joram, hizi hadithi zako za saa ya chai ziandike, usituachie hewa tu." Basi nimeandika. Nilifika darasa la sita na hilo la sita sikulimaliza, kwa hivyo ukikuta mahali kalamu imeteleza, teleza nayo uendelee mbele. Wengine mliobaki stoo mnaweza kusoma pia, hata yule dereva anayesema mimi huongea sana. Ni kweli huongea sana. Stoo ni mahali pa upweke, mtu huzoea kuzungumza na mitungi.

Habari za vyeo na mshahara nimeziacha. Vyeo nilipata kimoja, na mshahara ulikuwa ukipita kwangu kama mgeni mwenye haraka. Nitaandika juu ya vitu vya ruzuku ya usalama, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyovifungua, kuvifunga na kuvipangusa vumbi maisha yangu yote. Ruzuku, kwa yule ambaye hajafanya kazi hii, ni msaada ambao serikali kubwa hupeleka mahali padogo ili moto usile soko, ziwa lisile watu, na mwizi wa ng'ombe asivuke mpaka akiimba. Wakubwa waliiona kwenye makaratasi. Kwangu mimi ilikuja kwa sanduku, na sanduku lilikuwa na misumari.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Oyugis, zamani, wakati ofisi yetu ilikuwa na choo kimoja na foleni yake. Niliandikwa kufyeka nyasi. Mtunza stoo alikuwa Mzee Nashon, mtu mfupi, Msabato wa kweli, penseli nyuma ya sikio mpaka kanisani. Jumamosi hakufungua stoo kwa lolote. Alisema dunia ikiamua kuisha Jumamosi, itaisha bila sahihi yake. Nilipomaliza miezi mitatu ya kufyeka, jioni moja aliniita.

"Wewe kijana, hiyo fyekeo unairudisha pale pale kila siku?"

"Ndiyo, mzee."

"Hata ukiwa umelewa?"

"Hata nikilewa, mzee."

"Ingia ndani."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Siku hizi mnaulizwa habari za kompyuta.

Mzee Nashon alinifundisha kuhesabu mikoba bila kuigusa, kufunga kamba fundo ambalo panya hachokonoi, na kusoma maandishi ya sanduku lililokaa kichwa chini. Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja. Alinionyesha fomu ya wakaguzi. Ilikuwa na vijisanduku vitatu mbele ya kila kifaa: Kipya, Kizuri, Kimechakaa.

"Angalia hapa," akasema. "Wakiweka alama kwa Kipya, wanakupa mkono. Wakiweka kwa Kizuri, wanakuuliza maswali. Wakiweka kwa Kimechakaa, wanakuuliza ulikuwa wapi. Sasa wewe unataka gani?"

"Kipya, mzee."

"Basi nailoni usitoe. Kitu cha ruzuku si chako, si cha ofisi, wala si cha wananchi. Ni cha yule atakayekuja kukikagua."

Nilishika hilo kama mtu anavyoshika jina la baba yake.

Niwaambie jinsi nilivyolishika. Ruzuku moja ilituletea mlango wa kugundua chuma, ule wa kupita chini yake kama uko uwanja wa ndege. Mkubwa mmoja akaamua uwekwe kwa lango la soko siku ya soko. Soko lenyewe ni la watu wanaouza majembe, sufuria, mapanga, misumari na minyororo ya baiskeli. Ule mlango ulianza kulia saa moja asubuhi na haukunyamaza. Ulimlilia muuza jembe, ukamlilia mnunuzi wa jembe, ukamlilia padri kwa sababu ya funguo. Kufika saa nne betri ikafa, watu wakapiga makofi. Nikaurudisha stoo nikaufunga na nailoni yake, na mwaka huo ukapata Kipya.

Nyingine ni ya Kosele. Pale sokoni tulitundika mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, nailoni juu, tena nikaufunga na waya mwembamba wa lakiri. Siku moja mafuta ya mandazi yalishika moto kwenye hoteli ya mama mmoja, moto ukapanda paa. Watu wakakimbilia mtungi. Mwenyekiti wa soko akasimama mbele yake amenyoosha mikono kama golikipa.

"Musiguse! Wakaguzi wanakuja Alhamisi!"

"Mwenyekiti, hoteli inaungua!"

"Hoteli itajengwa! Lakiri nani atarudisha?"

Wakauzima kwa mchanga na magunia yaliyoloweshwa. Yule mama alipoteza paa na sufuria mbili. Mtungi haukupata hata alama. Mzee Nashon alinishika bega akasema, "Hiyo ndiyo kazi." Nami niliona fahari. Naandika hili wazi kwa sababu umri huu sina wa kumdanganya.

Mzee Nashon alipostaafu, mimi nikahamishwa mpaka Muhuru Bay, huko chini kabisa ambako ukipiga chafya anayekujibu yuko Tanzania. Niliambiwa kuna ruzuku mpya inakuja, ya usalama wa ziwa, na inataka mtu mwangalifu. Mtu mwangalifu ni mimi.

Ruzuku yenyewe ilikuwa boti ya uokoaji. Ilifika juu ya lori, rangi ya chungwa lililoiva, viti sita, jaketi za kuelea kumi na mbili, darubini, na king'ora kwenye katoni. Ufuo mzima ulikuja kuangalia. Wavuvi waliizunguka wakigonga ubavu wake kwa vidole kama watu wanaonunua nyungu. Halafu mmoja akaenda nyuma, akainama, akainuka.

"Mzee wa stoo, injini iko wapi?"

Nikaangalia karatasi. Injini ilikuwa ya ruzuku nyingine, ya mwaka wa serikali unaofuata.

Basi boti ikakaa. Niliipandisha juu ya magogo karibu na stoo, nikaacha viti ndani ya nailoni, nikaifunika turubai kubwa la kijani. Sasa, turubai lile lilikuwa zuri, limenyooka, halishiki mchanga. Na Muhuru kitu kilichonyooka kisichoshika mchanga kina kazi moja. Asubuhi ya pili nikakuta limeanikwa omena, wale dagaa wetu wa ziwani, kuanzia mbele mpaka nyuma. Mwenye omena alikuwa Mama Perpetua, mkuu wa akina mama wa omena pale ufuoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo.

"Mama, hii ni mali ya serikali."

"Serikali iko chini ya turubai, jaduong'. Mimi niko juu."

Jaduong' ni mzee kwa Kijaluo, na yeye alinizidi miaka mitatu, kwa hivyo alipolisema alikuwa ananidhihaki.

"Wakaguzi wakikuta harufu ya omena?"

"Watajua wamefika Muhuru."

Tuligombana hivyo asubuhi nyingi. Yeye anaanika, mimi natoa. Mwishowe tukakubaliana anaanika mpaka saa sita. Kwa kweli alinishinda, lakini kwenye leja niliandika kwamba turubai "linapata hewa".

Kabla injini haijafika, ziwa lilichafuka mchana mmoja. Hili halina kicheko na nitalipitisha haraka. Mtumbwi wa vijana wanne ulipinduka mbele yetu, mahali tunapaona kwa macho. Wavuvi wengine walikuwa mbali na nyavu zao. Walipofika, wawili waliokolewa. Wawili hawakuokolewa, na mmoja wao alikuwa Ochieng', mtoto wa mwisho wa Mama Perpetua, mtu mzima mwenye mke tayari. Boti yangu ilikuwa imesimama juu ya magogo yake, safi kabisa. Mwezi uliofuata wakaguzi walikuja wakaipa Kipya. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza alama ile isinifurahishe, lakini sikujua nifanye nini na kutofurahi kwangu. Nikaenda nikaipangusa vumbi.

Injini ilikuja. Nahodha tukapewa, kijana anaitwa Ouma, ambaye alikuwa amepelekwa semina ya kuokoa watu majini siku tatu kwenye hoteli mjini. Nilimuuliza walijifunza nini. Akasema kulikuwa na bwawa la kuogelea lakini lilikuwa linasafishwa, kwa hivyo waliokoana kwenye zulia. Boti tuliishusha majini mara mbili, tukaipandisha, nikaifuta. Wavuvi wakiomba itumike hata kufuatilia mtumbwi uliochelewa, mimi nasema subirini fomu. Fomu zilikuwepo. Zilihitaji sahihi tatu, na mwenye sahihi ya tatu alikuwa anaishi Migori mjini.

Halafu ikaja barua. Afisa wetu, Bwana Wycliffe, kijana mzuri kutoka upande wa Kakamega, alinisomea amesimama. Wakaguzi safari hii hawataki kuona vifaa peke yake. Wanataka kuona zoezi: tahadhari itolewe, boti ishuke, mtu aokolewe, yote mbele ya macho yao. Mahali ambapo vifaa havifanyi kazi, vitachukuliwa vipelekwe ufuo mwingine, kaunti nyingine, wanakovihitaji.

"Mzee, wanaweza kuichukua kweli?"

"Walileta na lori," nikasema. "Lori linajua kurudi."

Habari ilifika ufuoni kabla ya chai kupoa. Mama Perpetua alikuja mpaka mlango wa stoo. Hakuwa na beseni, hakuwa na utani.

"Ni kweli wanaichukua?"

"Zoezi likiharibika."

"Basi lisiharibike," akasema, akaondoka.

Nikaenda kutoa king'ora kwenye katoni. Kilikuwa kipya kabisa, nailoni haijaguswa tangu kiwandani. Betri ndani ilikuwa imevimba kama andazi na kutoa maji. Haikuharibiwa na mtu. Iliharibiwa na kutunzwa. Nilikaa chini nikaiangalia sana.

Bwana Wycliffe akasema si tatizo. "Zamani kabla ya king'ora watu walikuwa wanaitana namna gani?"

"Kwa nduru," nikasema.

"Basi tumepata. Mtu apige nduru."

Nilipaswa kumfafanulia siku hiyo hiyo, na kosa ni langu. Nduru kwetu si kelele. Ni ule ukelele wa mwanamke wakati wa kifo au hatari, na hakuna ule wa kuigiza. Huwezi kuupiga ukijaribu koo. Na mwanamke akiupiga, wa boma la pili akisikia anaupokea na kuupeleka la tatu, bila kuuliza, hata kama ana mtoto kifuani. Mimi nilijua haya. Nikajiambia tutatangaza mapema, kila mtu atajua ni mchezo. Kwa hivyo tukatangaza: ufuoni, kanisani kwa Wakatoliki, kanisani kwa Wasabato, na msikiti mdogo wa wafanyabiashara pale senta. Nikaona tumemaliza dunia. Kumbe tulimaliza Muhuru tu.

Mwenye kupiga alikuwa mmoja peke yake. Niliogopa kumwomba, nikaenda nikizungukazunguka maneno mpaka akanikata.

"Nitaipiga," Mama Perpetua akasema. "Lakini sijui kupiga ya uongo. Nikipiga, nitapiga."

Ikabaki mtu wa kuzama. Hapo tukakwama. Hakuna Mjaluo wa ziwani atakubali kulala majini akijifanya amekufa. Ouma alikataa. Wavuvi walikataa. Mmoja aliniuliza kama nataka kumuoa mke wake. Tukamjaribu hata mlinzi wetu Marwa, Mkuria kutoka Kehancha, akasema kwao ng'ombe tu ndio huingia majini bila sababu.

Aliyetuokoa ni Hamisi, mwenye duka la nyavu, aliyekuja kutoka pwani akaoa hapa hapa, akabaki.

"Mie mila hizo sinazo," akasema. "Kuogelea nimezaliwa naogelea. Nipeni jaketi moja, mie nielee zangu pale, mje mnichukue. Ati kazi gani hiyo?"

"Hamisi, na baba mkwe wako akisikia?"

Akacheka. "Yule? Mwaka wa sita huu hajakanyaga kwangu. Anasema bintiye kachukuliwa na duka. Hata nife kweli, hatakuja."

Siku yenyewe ikafika. Mkaguzi alikuwa mama mmoja kutoka Nairobi, mnene kiasi, viatu vya kufaa mchanga, jambo lililonitia wasiwasi, maana mkaguzi mwenye viatu vya mchanga anakusudia kutembea. Alikuwa na fomu na simu ya kupimia muda. Hamisi aliingia majini amevaa jaketi, akaelea umbali wa kutosha, akatupungia mkono. Bwana Wycliffe akamwonyesha ishara aache kupunga, amezama.

"Haya," akasema Madam Mkaguzi. "Tahadhari."

Mama Perpetua alisogea mpaka ukingo wa maji. Akaweka mikono kichwani.

Sheila, mimi nimesikia ving'ora vya kila aina katika kazi hii. Ile sauti ilitoka kwenye nyayo zake. Nilikuwa nimesimama hapo, mimi niliyepanga jambo lote, niliyejua Hamisi anaelea salama, na bado nikajikuta nimeanza kukimbilia maji. Mlinzi Marwa alivua kofia. Wanawake waliokuwa wameambiwa kanisani kwamba ni mchezo waliangusha mabeseni wakaupokea. Kutoka ufuoni ukapanda kwa maboma, kutoka maboma ukavuka kilima, huko ambako hakuna aliyetangaziwa kitu. Halafu ukaingia kwenye simu.

"Muda gani?" Madam akauliza, akiangalia simu yake kama haiamini.

Mitumbwi ikatoka. Sio mmoja. Kila kilichokuwa na kasia kilitoka, na hata mmoja ambao ulikuwa unazibwa tundu ulitoka na fundi wake ndani akichota maji kwa kopo. Na sisi, wenye boti ya serikali? Ouma aliruka ndani kwa ujasiri akatua kwenye kiti chenye nailoni. Nailoni ilikuwa na umande. Akateleza kiti cha kwanza, cha pili, akapotea upande wa pili tukaona viatu. Akapanda tena. Injini ikakohoa, ikashika, tukasukuma, boti ikaenda vizuri sana mpaka ikakuta foleni. Mbele yake palikuwa pamejaa mitumbwi kama soko, wote wanapigania Hamisi. Wawili walimshika mikono, mmoja mguu, na mtu wa nne ameshika jaketi akivutia kwake.

"Niacheni! Mie ni mzima!" Hamisi akipiga kelele.

"Nyamaza, usichoke!" wakamjibu. "Tuko na wewe!"

Boti ya ruzuku ilifika ya mwisho.

Nikamwangalia Madam. Alikuwa anaandika. Mtu akiandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa, stoo yako imekwisha.

Hata kabla hajamaliza, matanga yakaanza kufika. Watu wa ng'ambo ya kilima walikuja wakilia na matawi mkononi. Wazee walikuja. Mmoja alikuja na ng'ombe, akisema ametangulia tu, wengine wako njiani. Mkewe Hamisi alikuwa akizunguka akiwaambia watu mume wake hajafa, nao wakimshika mabega kwa huruma, wakiambiana huzuni imemchanganya. Halafu kutoka ng'ambo ya ghuba ikaingia mashua ya abiria, na ndani yake amesimama baba mkwe, mzee mwenye fimbo na koti la kanisani, akilia kwa sauti kabla hajashuka.

"Hamisi! Mkwe wangu! Umeniachaje? Mtu wa kusalimia watu wote! Mtu asiyepandisha bei ya nyavu wakati wa njaa! Nani kama wewe? Nilikosa nini nisije kwako?"

Hamisi alikuwa ameshushwa mchangani, amelowa, jaketi bado shingoni. Aliinuka taratibu nyuma ya mzee.

"Baba," akasema. "Shikamoo. Karibu nyumbani."

Mzee aligeuka. Akamwangalia juu mpaka chini. Kilio kikakatikia katikati ya neno. Halafu akasema, kwa hasira ya mtu aliyeibiwa, "Wewe uko hai?"

"Niko hai, baba."

"Na mimi nimesema yote yale?"

"Umesema, baba. Nimesikia. Endelea tu ukitaka."

Ufuo ulianguka chini. Watu walicheka wakilia, machozi ni yale yale hayakuwa na haja ya kubadilishwa. Mzee mwenyewe mwishowe akacheka, akampiga Hamisi na fimbo miguuni, si kwa nguvu. Lakini wazee wengine hawakucheka muda mrefu. Mtu akishaliliwa, wakasema, haendi tu nyumbani kwake kama anayetoka dukani. Kuna kitu lazima kichinjwe ili kilio kipate mahali pa kukaa. Wakabishana: wa bara wakasema kondoo, wa ufuoni wakasema mbuzi, mwenye ng'ombe akaanza kumrudisha ng'ombe nyuma polepole. Hamisi akasema wachinje wapendacho mradi kisu akishike yeye na kibla akichague yeye. Ikawa mbuzi.

Katika kelele hiyo Madam akaniita kando ya boti. Aligusa kiti.

"Mzee, nailoni hii ni ya nini?"

Nilikuwa na majibu kumi tayari. Nimeyatunza miaka yote. Sijui kwa nini siku hiyo nilitoa la kweli.

"Ili mkija muikute mpya, madam."

"Nani aliwaambia tunataka mpya?"

"Fomu, madam. Hiyo mkononi mwako. Iko na Kipya, iko na Kimechakaa. Hakuna mahali pa kuandika kwamba imeokoa mtu."

Akaiangalia ile fomu. Aliigeuza nyuma, pengine kulikuwa na kijisanduku kingine. Hakikuwepo.

"Kwa maandishi," akasema, "tahadhari yenu ndiyo ya haraka kuliko yote niliyopima. Na boti yenu imefika ya mwisho. Nikiandika ukweli, inaondoka. Hawa watu na mitumbwi yao hawaihitaji."

Mama Perpetua alikuwa amesimama nyuma yetu. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu.

"Madam, leo ziwa limelala. Kila mtu alikuwa hapa, anangoja. Siku ya mtoto wangu ziwa lilikuwa limeamka na mitumbwi ilikuwa mbali. Hii boti ilikuwa hapo juu ya magogo. Mimi nilikuwa nageuza omena juu ya turubai lake. Nilimwona Ochieng' kwa macho yangu, mikono yangu iko juu ya boti. Kilio cha leo hakikuwa cha Hamisi. Kilikuwa cha siku ile, nilikuwa sijamaliza. Mkiichukua, mtaipeleka ufuo mwingine ikafunikwe huko na mama mwingine aanike."

Madam akaikunja fomu. Kisha akaniuliza kama nina kisu.

"Toa nailoni," akasema. "Yote. Sasa hivi, nikiona."

Nikakata. Kiti cha kwanza niliona kama namchuna mtu ninayemjua. Cha pili afadhali. Kufika cha sita Mama Perpetua alikuwa ameshika upande wa pili anavuta, na tulipomaliza aliikunja ile nailoni akaichukua, maana nailoni ya serikali haivuji na omena ina maadui wengi.

"Nitaandika ibaki mwaka mmoja," Madam akasema. "Na fomu za sahihi tatu, afisa wako atazichoma. Nahodha akisikia kilio, anatoka. Mwakani nitakuja mwenyewe. Nikiikuta mpya, Mzee Joram, naichukua."

Tulikula mbuzi. Madam alikula pia, akauliza kama ile ya kulia ni sehemu ya zoezi kila mwaka, Bwana Wycliffe akakohoa mchuzi. Alasiri upepo ukapanda kutoka kusini, mawimbi yakaanza kuonyesha meno meupe. Baba mkwe na wazee wake walitaka kurudi ng'ambo, na mwenye mashua ya abiria akasema yeye na mashua yake wanalala Muhuru.

Watu wote wakaniangalia mimi. Ni mazoea. Mimi nikamwangalia Madam. Yeye akafunga mkoba wake, akatafuta jaketi inayomtosha, akapanda.

Tukaenda wote: Ouma kwa usukani, wazee wameshika viti kwa mikono miwili, baba mkwe ameshika mkono wa Hamisi na hajui kwamba ameushika, Mama Perpetua mbele kabisa amesimama, amekataa kukaa. Boti ilipanda mawimbi na kushuka, maji yakituchapa, na mimi kwa mara ya kwanza sikuwaza nani ataifuta. Ng'ambo pale hakuna gati, kuna mawe. Ouma alipunguza mwendo lakini wimbi la mwisho likatuinua, na tukasikia ile sauti: kraaak, ndefu, jiwe likipita ubavuni.

Wazee walishuka mmoja mmoja wakikanyaga polepole, kama waliotoka kanisani wakati wa mahubiri. Madam akainama akaangalia, akatoa kalamu, akaandika mstari mmoja, akaniwekea niweke sahihi. Niliweka.

Mama Perpetua alipitisha kiganja chake juu ya ule mkwaruzo, urefu wake wote, kwenda na kurudi. "Jaduong'," akaniambia, na safari hii hakuwa ananidhihaki, "sasa hii ni boti."

Ilipata mingine mingi baada ya hapo, na Madam alirudi mwaka uliofuata akaikuta vile alivyotaka. Mingine yote nimeiziba na mafundi wanajua. Lakini huo wa kwanza uko upande wa kushoto, mbele, chini ya namba. Sheila, huo usiupake rangi.